Taja bei! Filamu za maisha magumu, na mlima wetu uliokosa filamu yake

Wadau, kuna filamu mbili kubwa duniani zinazobeba jina la mlima wetu, na zote mbili ukizitafsiri jina zinakuwa "Theluji ya Kilimanjaro". Ya kwanza ni The Snows of Kilimanjaro, ya Hollywood, ya mwaka 1952. Ya pili ni Les Neiges du Kilimandjaro, ya Ufaransa, ya mwaka 2011. Mtu wa Moshi kama mimi akisikia majina hayo lazima azitafute. Nimezitafuta, nimezitazama, na leo nina la kusema.

Katika ile ya kwanza mlima upo, lakini watu wake hawapo. Gregory Peck anaigiza mwandishi Mmarekani anayeitwa Harry, amelala kambini na jeraha limeoza mguuni, anawakumbuka wanawake aliowapenda na vitabu alivyopaswa kuviandika. Waafrika wako pembeni wanahudumia. Hakuna anayejua wanalala wapi, wana watoto wangapi, au bwana mkubwa akifa kambini pale nani atawalipa siku zao.

Katika ile ya pili mlima hauonekani. Hadithi yote iko Marseille, mji wa bandari kusini mwa Ufaransa. Ila wavuja jasho wamejaa humo, na kila mmoja unajua anaishi kwa shilingi ngapi (samahani, kwa yuro ngapi). Na mimi niliyekulia Majengo, Moshi, nikajiona zaidi katika hiyo ya Marseille kuliko katika ile yenye mlima wangu.

Kwa nini? Hilo ndilo swali la leo.

Nianze na kisa chenyewe. Mwongozaji wa filamu hiyo ni Robert Guédiguian, mtoto wa mfanyakazi wa bandari, na filamu zake nyingi huzipiga huko huko alikozaliwa. Mhusika mkuu, Michel, ni kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Kampuni inataka kupunguza watu 20. Chama kinaona ni heri kupiga kura ya bahati nasibu kuliko kumwachia mwajiri achague. Michel, ambaye kwa nafasi yake angeweza kuliacha jina lake nje, analitia kwenye boksi kama wenzake. Linatoka.

Basi, Michel na mkewe Marie-Claire wanatimiza miaka 30 ya ndoa. Watoto, ndugu na marafiki wanachangishana na kuwapa zawadi: tiketi za kwenda Tanzania kuuona Kilimanjaro, pamoja na fedha za matumizi. Hawajasafiri, majambazi wanawaingilia ndani, wanawafunga kamba na kuondoka na tiketi na fedha. Baadaye Michel anagundua kwamba mmoja wa majambazi ni kijana aliyepunguzwa kazi siku ile ile, katika kura ile ile. Kijana huyo anawalea wadogo zake wawili, mama yao hayupo, na kodi ya nyumba imelimbikizana.

Hapo ndipo filamu ilipo. Wanapokutana, kijana hatubu na kulia. Anamshambulia Michel kwa hoja: kura ile ilikuwa haki gani? Humo ndani walikuwamo wenye nyumba zao, wake zao wana kazi, wanakaribia pensheni. Na walikuwamo walioajiriwa juzi, ambao kiinua mgongo chao hakimalizi hata miezi michache. Kuwatia wote kwenye boksi moja na kuita hiyo ni usawa, ni usawa wa nani?

Sijui wewe msomaji, mimi hapo nilisimamisha filamu nikaenda kunywa maji.

Sasa angalia kilichoifanya filamu hiyo iwe ya kweli. Vilio na nguo zilizochanika ni vitu vidogo. Ukweli wake uko kwenye hesabu. Unajua nani ana akiba na nani ana deni. Unajua tiketi ile, ambayo kwa mmoja ni anasa ya uzeeni, kwa mwingine ni kodi ya miezi kadhaa. Ndiyo maana naamini hivi: filamu ya maisha magumu ni filamu inayotaja bei. Isipotaja bei, hata ikilia machozi ndoo nzima, inatuonyesha huzuni tu. Umaskini haijatuonyesha.

Msinielewe vibaya. Sisemi wahusika wasimame kusoma risiti mbele ya kamera. Twendeni kwa mabingwa tuone wanavyofanya.

Mwaka 1948 Mtaliano Vittorio De Sica alitoa Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli. Roma, vita imekwisha, kazi hakuna. Antonio anapata kazi ya kubandika mabango, kwa sharti moja: awe na baiskeli. Baiskeli yake iko rehani. Mkewe anavua mashuka kitandani, anayafua, anayapeleka kuweka rehani ili baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza tu kazini, baiskeli inaibwa. Filamu nzima ni baba na mtoto wake mdogo wakiizunguka Roma kuitafuta. Katikati ya mahangaiko, baba anaamua liwalo na liwe, anampeleka mtoto hotelini wale vizuri. Na pale mezani anafanya nini? Anaanza kupiga hesabu ya mshahara ambao angeupata kwa mwezi, na mtoto ndiye mwandishi. Mshahara uliopotea unahesabiwa mbele ya sahani ya chakula! Tukio hilo linaumiza kuliko hotuba yoyote.

Na aliyeigiza Antonio, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani kweli kweli. Filamu ikazunguka dunia, yeye akarudi kiwandani, na baadaye akapunguzwa kazi.

Mwingine ni wa kwetu Afrika, Ousmane Sembène wa Senegali, aliyefariki mwaka 2007. Kabla ya kuwa mwandishi na mwongozaji, Sembène alikuwa kuli wa bandarini, na bandari yenyewe ilikuwa hiyo hiyo ya Marseille, na chama cha wafanyakazi alikuwamo. Kwa hiyo aliposhika kamera alijua mzigo una uzito gani begani. Filamu yake fupi Borom Sarret ya mwaka 1963 inamfuata mwenye mkokoteni wa farasi mjini Dakar kwa siku moja. Huyu anapanda halipi, yule analipa nusu, mwingine anampeleka mtaa wa wakubwa ambako mikokoteni hairuhusiwi, polisi wanauchukua mkokoteni. Jioni anarudi nyumbani mikono mitupu.

Kisha ikaja Mandabi ya mwaka 1968. Mzee Ibrahima Dieng anatumiwa hawala ya fedha kutoka Paris na mpwa wake anayefagia mitaa huko. Faranga 25,000. Sembène hakuishia kusema "ametumiwa fedha nyingi". Barua inachambua: 20,000 mtunzie mwenyewe, 3,000 mpe mama yake, 2,000 zako mjomba. Mzee hana kitambulisho. Kupata kitambulisho kunataka cheti cha kuzaliwa, kunataka picha, kunataka nauli, kunataka kumjua mtu. Huku nyuma majirani wameshasikia harufu ya hela na wameshaanza kukopa juu ya hawala ambayo haijachukuliwa. Mzee anazidi kufukarika kwa sababu ya fedha alizotumiwa! Aliyewahi kufuatilia karatasi kwenye ofisi yoyote ya Afrika Mashariki hahitaji maelezo zaidi.

Haya, turudi Bongo.

Tangu Girlfriend ya mwaka 2003 ifungue njia, tumepata filamu nyingi mno. Na wanaosema wananchi hawazipendi wanajidanganya. Aprili 2012, Steven Kanumba alipofariki, viwanja vya Leaders pale Dar vilifurika watu wakazimia. Hakuna msomi aliyeagwa hivyo. Watazamaji tunao, upendo upo.

Lakini hebu tuulizane kwa upole: katika filamu ngapi kati ya hizo uliwahi kujua mhusika mkuu anafanya kazi gani? Anatoka kwenye jumba la ghorofa, anapanda gari, anasema "nawahi ofisini". Ofisi ya nani? Analipwa nini? Jumba ni lake au amepanga? Hatuambiwi. Ndani kuna kochi la ngozi, mfanyakazi wa ndani analeta juisi, na ugomvi ni wa mapenzi, mirathi au uchawi. Na maskini naye yumo: ni mama wa kijijini aliyejifunga kanga iliyochakaa, anakohoa, anafukuzwa na mkwe. Umaskini wake hauna sababu wala tarakimu. Mwishoni mtoto tajiri anatubu, au Mungu anamwadhibu mkwe, basi. Ukitaka umaskini wenye kodi ya chumba na deni la dukani, mara nyingi uutafute kwenye vichekesho. Mzee Majuto, aliyetutoka mwaka 2018, alituchekesha kwa shida ambazo filamu za "kulia" ziliziona hazina hadhi.

Hapa kwetu jambo hili lina kichekesho chake. Mtaa wa mabangaluu ya kifahari Moshi, wenye miti mikubwa na uzio wa maua, ambao mtu wa filamu angeutafuta akitaka jumba la kitajiri, unaitwa Shanty Town. Jina linasema mabanda, macho yanaona majumba. Wanaoifagia bustani ya Shanty Town wanatoka Pasua, Njoro na Majengo, na jioni wanarudi huko kwa miguu. Tayari hapo kuna filamu: mtu anayefanya kazi mtaa wenye jina la umaskini na kulala mtaa wenye umaskini wenyewe.

Lakini filamu kubwa ya kwetu iko juu zaidi. Iko mgongoni mwa mpagazi.

Tunawaita wapagazi, wenyewe hupenda kujiita wagumu. Mgeni mmoja anayepanda Kilimanjaro anahitaji watatu au wanne wa kumbebea. Hema, chakula, mtungi wa gesi, meza, viti, na siku hizi hata choo. Mzigo una kikomo cha kilo 20, na getini kuna mizani. Ukifika lango la Machame asubuhi ya msimu utakuta vijana wamejipanga nje wakisubiri majina. Wamo wenye shahada. Wamo walioacha kihamba cha baba kwa sababu kahawa haikulipa ada.

Sasa tutaje bei, maana ndilo somo letu. Shirika la kusaidia wapagazi lililoanzishwa hapa Moshi mwaka 2003, KPAP, limekuwa likitaja shilingi 20,000 kwa siku kama kiwango cha chini ambacho kampuni yenye utu inapaswa kulipa. Hizo ni chini ya dola 10. Wakati huo huo ada ya hifadhi peke yake kwa mgeni mzima imekuwa dola 70 kwa siku kabla ya kodi, bado hajalipia kambi, hajalipia kampuni. Chukua safari ya siku saba: mpagazi anayelipwa kiwango hicho ana 140,000. Ongeza bakshishi, ambayo haina hakika.

Binamu yangu ni mgumu. Nilimwomba anipe hesabu yake na akanipa huku anacheka. Kuna kampuni moja, sitaitaja, iliyompa pungufu ya kiwango hicho. Kuna anayepanga majina ambaye hasahau mkono mtupu. Usipomwona, safari ijayo huitwi. Kuna viatu na koti la baridi, ambavyo asiye navyo anakodi. Kuna nauli. Kuna deni la unga na sukari dukani kwa jirani, ambalo lilikula bakshishi kabla hajashuka mlimani. Kisha inakuja masika, Aprili na Mei, njia zinateleza, wageni wanapungua, na ndipo wale wa mikopo ya kausha damu wanapopita mitaani na madaftari yao. Mwaka 2020 corona ilipowakatisha wageni, masika ilikuwa ndefu kuliko kawaida.

Niambie, hiyo siyo filamu? Ina kila kitu. Ina safari yenye mwanzo na mwisho. Ina hatari, maana baridi ya kule juu haichagui mwenye hela. Ina watu wa tabaka mbili wanaolala mita kumi wasijuane majina. Ina picha ambazo mpiga kamera wa Hollywood angelipa mamilioni: mstari wa vijana na mizigo kichwani wakiwapita wageni kwenye ukungu, ili wawahi kusimamisha hema kabla mwenye hema hajafika. Na kilele, mita 5,895, ambacho mpagazi wengi kazi yao haiwafikishi. Wanabaki kambini na vyombo. Mtu anaweza kupanda mlima mara hamsini na asikanyage kilele hata mara moja.

Kwa hiyo nilipoona kwamba filamu ya Marseille imeufanya Kilimanjaro kuwa ndoto ya mfanyakazi wa Kifaransa aliyechoka, sikukasirika. Nilimwonea wivu Guédiguian. Yeye alimtazama kuli wa kwao na kuona anatosha kuwa shujaa. Kuli wa mlima wenyewe bado anangoja.

Na mpagazi hayuko peke yake. Kuna hadithi nyingine inayotuhusu sisi wa mijini tunaojiita wasomi, na ni ngumu kuisema kwa sababu inagusa heshima. Desemba! Kila mtu anajua Wachaga hurudi nyumbani Krismasi. Tunataniwa nchi nzima. Lakini nani amewahi kutuonyesha kijana wa Rombo au Kibosho aliyeko Dar, mkataba umekwisha Oktoba, na Desemba inakuja kama mdai? Nauli inapanda. Mama anasubiri sukari, sabuni na khanga. Ukoo unachangia ndafu, na jina lako linasomwa pamoja na kiasi ulichotoa. Mwaka jana ulikuja na gari la rafiki, mwaka huu utakuja na nini? Kuna wanaokopa ili waonekane hawadaiwi. Kuna wanaosema "kazini wamenizuia", wakajifungia chumbani Sinza wakila ugali wa peke yao siku ya Krismasi.

Ukitaka kuelewa kwa nini aibu hiyo ni kubwa, rudi kwenye kahawa. Wazee wetu walianzisha KNCU mwaka 1933 na kwa miaka mingi kahawa ilijenga nyumba za mabati na kusomesha. Mgawanyo wa soko la dunia ulipovunjika mwaka 1989, bei ikaanguka, na baadhi ya watu wakaing'oa mibuni wakapanda nyanya na mahindi. Fedha ikaacha kupanda kutoka shambani. Ikawa inangojwa ipande kutoka mjini, kwa basi, mwezi wa kumi na mbili. Kijana wa Sinza ndiye mbuni mpya. Naye bei yake imeanguka. Filamu itakayosema hivyo bila kuhubiri, kwa kuonyesha tu daftari la michango ya ndafu, nitaitazama mara tatu.

Sasa najua mtasema nini. Nimeshabishana na washkaji wengi, hoja zao nazifahamu.

Hoja ya kwanza: watu wana shida tayari, wakitazama filamu wanataka kusahau. Sawa. Lakini nendeni kwenye kibanda umiza chochote, mkae kwenye benchi muone. Sinema ya Kihindi au ya ngumi, aliyeitia maneno ya Kiswahili, awe Lufufu au wanafunzi wake, akichomeka kitu cha kwetu, jina la mtaa, bei ya kitu, jina la pombe, banda zima linalipuka. Hawajasahau maisha yao hata dakika moja. Wanatafuta kuyaona yakisemwa. Mtu anakimbia mahubiri ya shida. Shida yake mwenyewe ikisemwa kwa ufasaha haikimbii. Ndiyo maana Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga, ya mwaka 2012, ilijaza watu Kenya na ikawa filamu ya kwanza ya nchi hiyo kupelekwa kushindania Oscar ya filamu za kigeni. Mwas anauza DVD kijijini, anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, siku ya kwanza anaibiwa kila kitu na kuishia mahabusu. Kuanzia hapo kila hatua ina bei, hata bei ya kipuri cha gari kilichoibwa. Vijana walicheka, wakaogopa, wakalipa kiingilio.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: tukionyesha umaskini wetu tunajidhalilisha mbele ya wazungu. Na hapa mfano hauko mbali. Mwaka 2004 Hubert Sauper, Mwaustria, alitoa Darwin's Nightmare kuhusu sangara wa Mwanza. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea filamu hiyo hadharani, watu wakaandamana Mwanza, na neno "mapanki" likaingia kila nyumba. Minofu inakwenda Ulaya, sisi tunabaki na mifupa. Mabishano yalikuwa makali, ila kumbukeni yalibishania nini: je, tunakula mapanki au hatuli? Je, tumetukanwa au hatukutukanwa? Swali la kilo ya minofu inauzwa bei gani Ulaya, mvuvi anapata ngapi, na mama wa mapanki anabaki na ngapi, likapotelea kwenye kelele. Filamu ilituonyesha uozo, sisi tukajibu kwa hasira, na hesabu ikabaki kabatini.

Mimi naona fedheha ile ilituumiza zaidi kwa sababu hatukuwa na filamu yetu ya kuweka mezani. Mtu ambaye picha zake zote amepigwa na wageni, siku ikitoka mbaya hana nyingine ya kuonyesha. Dawa yake ni kupiga zetu, tena kwa ukweli zaidi yao. Na bei ndiyo inayolinda heshima ya mtu kwenye filamu. Ukinionyesha mpagazi anatetemeka tu, nitamhurumia kama ninavyomhurumia ndama. Ukinionyesha anavyogawa 140,000 mara sita, ada, deni, viatu, mama, mkono wa mpanga majina, na akiba ya elfu mbili anayoificha soksini, nitamheshimu. Nitaona akili inayofanya kazi.

Hoja ya tatu: hatuna fedha za kutengeneza filamu. Hii ndiyo inayonichekesha. Filamu ya majumba na magari ndiyo inayotaka fedha! Josiah Kibira alitengeneza Bongoland kule Minnesota, Marekani, mwaka 2003, kuhusu Mtanzania anayehangaika na vibarua na karatasi za uhamiaji, bila utajiri wowote nyuma yake. Amil Shivji alianza na filamu fupi: Shoeshine ya mwaka 2013 ni kijana wa kung'arisha viatu na wateja wanaopita kwenye kiti chake. Kiti kimoja, mtaa mmoja, na Dar nzima inapita hapo. Miaka minane baadaye alikuwa Toronto na Vuta N'Kuvute. Chumba cha kupanga Pasua hakikodishwi kwa bei ya jumba la Shanty Town. Mavazi watu wanayo mwilini. Mwanga wa saa kumi na mbili asubuhi, mlima ukiwa wazi kabla mawingu hayajaufunika, ni bure.

Kinachokosekana ni kuthubutu kuuliza swali ambalo kwetu ni utovu wa adabu: unalipwa shilingi ngapi? Tumefundishwa kutouliza. Anayefaidika na ukimya huo ni yule anayelipa kidogo. Wagumu wawili wanaobeba uzito mmoja kwa kampuni mbili hawajui kwamba mmoja anapata nusu ya mwenzake mpaka siku wanapokaa kijiweni wakaambiana. Filamu ni kijiwe kikubwa. Siku bei ya mgongo wa mpagazi itakapotajwa kwenye kioo, mbele ya watu mia kwenye kibanda umiza Moshi mjini, na mbele ya mgeni ndani ya ndege anayekuja kupanda, kuna watu watakaokosa usingizi. Na wawe wa kwanza kukosa.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma filamu vyuoni, ninyi wenye kamera za harusi ambazo Jumatatu hadi Alhamisi zinalala kabatini, mlima uko pale pale. Msimu ukianza, nendeni Machame asubuhi na mapema kabla ya magari ya wageni, mkae na wale vijana wanaosubiri majina. Msianze na kamera. Anzeni na daftari, na swali la kwanza liwe lile la utovu wa adabu.

Naomba kutoa hoja. Mwenye hoja tofauti ailete, ila aje na tarakimu.